Jicho la Somo Yangu

Tulipomzika Bwana Elia kule Maramba, nusura niharibu mazishi. Kijana mmoja, mjukuu wa ndugu yake, kavaa suti, akasimama kusoma maisha ya marehemu, akaanza, "Babu yetu, daktari bingwa wa macho..." Mimi nimekaa mkekani na kina mama, magoti yananiuma, nimetoka Tanga alfajiri. Nikajizuia. Akasema tena, "Daktari wetu huyu..." Basi, nikainuka. Nikasema, "Samahanini wafiwa, poleni sana, lakini mwanangu, hapo rekebisha. Marehemu hakuwa daktari. Alikuwa dresa wa macho, msaidizi wa tabibu. Na angekusikia unamwita daktari, angefufuka humo sandukuni akusute." Mchungaji akaangalia viatu vyake. Wazee wa nyuma, waliomjua, nikawasikia wanachekea puani. Sikuona haya na mpaka leo sioni. Nimefanya kazi na mtu yule miaka mingi katika chumba kimoja, na kila mgonjwa aliyemwita daktari alijibiwa maneno yale yale: "Daktari ndiye anayelifungua jicho. Mimi ndiye ninayelingoja lifunge." Alikuwa anaipenda kazi yake kwa jina lake. Sasa mtu akikupandisha cheo ukiwa maiti, huna hata mdomo wa kukataa, nani akukatalie kama si mimi?

Baada ya kuzika wakatukaribisha ndani, bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu cha nazi, na binti yake Agnesi akaja kukaa karibu yangu. Nilidhani anakuja kunigombeza. Kumbe kabeba sanduku la bati la baba yake. Akatoa tochi ndogo, akatoa wembe umezungushiwa karatasi, akatoa kofia. Kofia ya kushonwa kwa mkono, nyeupe, imechakaa kwa kufuliwa, na ndogo, ya kumtosha mtoto anayeanza kutambaa. "Bibi Zuhura," akaniambia, "hii tumeulizana nyumba nzima. Sisi ni Wakristo, hapa hakuna mtoto aliyewahi kuvaa kofia. Baba kaiweka miaka yote na hakusema. Ni ya mtoto gani?" Nilipoishika, nikaitambua. Nikamwambia, ngoja nile kwanza, maana nikianza kusema hili chakula kitapoa. Nikala, nikasema, na chakula cha wengine ndicho kilichopoa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, na mimi nilikuwa msichana wa mdomo. Ya baba na mama nayaacha, hayahusiki hapa. Aliyehusika ni somo yangu, Bibi Mwanahawa. Mwanamke wa pwani anajua somo ni nani, ila kwa wasiojua nitasema: ni yule mwanamke unayekabidhiwa ukivunja ungo, akuingize ndani, akufundishe usafi, sala, heshima, na mambo ya nyumba ambayo mama yako mzazi anaona haya kuyatamka. Mama anakuzaa mara moja, somo anakuzaa mara ya pili ukiwa na akili zako. Wangu alikuwa mtu wa Kigombe, mjane, anakaa chumba kimoja Ngamiani, mjini Tanga, mlango unatazama kisima. Kitanda cha kamba, jamvi, mtungi, na ukutani makofia yametundikwa kwenye misumari, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kofia ya mkono ni matundu. Unatoboa tundu dogo kwenye kitambaa, unalizungushia uzi mpaka linakuwa jicho, halafu unakwenda kwenye jingine, na mengine, mpaka maua yanatokea. Mashekhe wa Pangani walikuwa wanatuma watu kuja kuzichukua.

Alipoanza kupoteza macho hakumwambia mtu. Mimi niliona kwa kiti chake. Alikuwa anashonea chumbani, akahamia mlangoni. Kutoka mlangoni akahamia barazani. Mwisho akashonea uani, jua la utosi, na huko nako mwanga ukawa unamchoma kama moshi wa kuni mbichi, akaiweka sindano. Wakati ule akapita mganga mmoja wa kupiga sindano macho, akamtoboa jicho la kushoto, akakisukuma kile cheupe kilicholiziba kikazama ndani. Siku chache somo akaona, watu wakapiga vigelegele, mganga akapokea chake akaondoka. Kisha jicho likavimba, likauma, likafa. Likabaki la kulia peke yake, nalo limefunikwa na weupe. Mtoto wa jicho, watu walivyomwita. Mimi nikaapa mbele ya majirani: jicho hili moja atakayeligusa ovyo nitamng'ata.

Nikaanzia pale wajinga wote tunapoanzia, kwa fundi wa miwani. Bwana Kanji alikuwa na duka barabara ya sokoni, kabatini mwake vioo vimepangwa kama mayai. Ukutani ana ubao wenye alama mfano wa uma, meno yake mara juu, mara chini, mara kando, na asiyejua kusoma anaonyesha kwa mkono meno yameelekea wapi. Somo yangu akasimamishwa mbele ya ubao. "Mama, uma umeangalia wapi?" "Uma upi, baba? Mimi ukuta wenyewe siuoni, nimeusikia tu." Bwana Kanji akawasha taa, akachungulia, akazima. "Mama, mimi natengeneza kioo cha nje. Chako kimeharibika cha ndani." Mimi hapo hapo nikawaka, "Una vioo kabati zima, unatunyima kimoja? Au kwa sababu hatukuja na gari?" Akanitazama kwa huruma, jambo lililoniudhi zaidi. "We binti, sikiliza. Mimi napima, nakata kioo. Hospitali yuko dresa, anatazama ugonjwa, anatibu. Halafu yuko daktari wa kupasua, anakuja na gari moshi, anaondoka na gari moshi. Sisi wote mnatuita daktari wa macho, halafu mnakasirika. Mpeleke kwa dresa. Wakishamaliza wao, mrudishe kwangu. Hapo nitakuwa na kazi." Nilitoka nimenuna, na somo ananivuta mkono, "Mtu kakwambia kweli, unamnunia nini? Mwari wangu wewe, ulimi wako ungekuwa sindano ningeshona kofia za mji mzima."

Kliniki ya macho ilikuwa chumba kimoja pembeni mwa hospitali kubwa, na baraza yake ndefu. Pale barazani ndipo nilipojifunza kwamba macho ya watu yana mambo. Wakata mkonge kutoka mashambani, mwiba umemwingia mtu kwenye jicho akafunga kanga akaendelea kukata. Mama kutoka bara, kope zimegeukia ndani zinamkwangua jicho kila akipepesa. Wavuvi wenye kinyama chekundu kinachotambaa kutoka pembeni. Na mazungumzo! "Mimi langu limerogwa." "Lako limerogwa, langu limekwenda tu bila kuaga." Ndani alikuwapo Elia, Mbondei mwembamba, kaptula imepigwa pasi, ana mikono mirefu na sauti ya mtu anayezungumza na ndege asiruke. Akawasha mshumaa. Akaupeleka kulia mwa somo yangu. "Taa iko wapi, mama?" "Huku." Akaupeleka juu. "Sasa?" "Juu." Chini, kushoto, kila mara somo anaonyesha kwa kidole sawasawa, ndani ya weupe ule. Elia akashusha pumzi, akasema, "Huko nyuma ni salama. Dirisha ndilo limechafuka, lakini nyumba ina watu."

Akaeleza. Daktari atakuja baada ya mwezi wa mfungo. Atalipasua jicho pembeni, atoe kile cheupe, ashone kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Halafu mgonjwa atalala chali, macho yote mawili yamefungwa, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa. Asikohoe, asipige chafya, asitafune kigumu. Na asiiname. Akiinama, maji ya ndani yatasukuma mbele, nyuzi zitaachia, jicho litamwagika kama dafu lililopinduliwa. Somo yangu akasikiliza yote kwa utulivu, akauliza moja: "Na sala?" "Utasali umelala, mama." "Sijdah je?" "Hakuna kuinama mpaka nikuruhusu." Somo akajifunga kanga vizuri, akanishika bega. "Mwari wangu, twende nyumbani." "Somo!" "Twende. Paji langu halijakosa ardhi tangu nivunje ungo. Sikuacha kusujudu kwa uchungu wa uzazi, nitaacha kwa tamaa ya kuona? Bora kipofu anayesujudu." Nikamgeukia Elia kana kwamba yeye ndiye aliyeiandika dini. "Umefurahi sasa?" Akasema kwa upole, "Wewe rudi Jumamosi mchana, wagonjwa wakiisha. Peke yako. Njoo na hasira zako zote, zitakusaidia usitapike."

Nikarudi. Kwenye sahani ya bati pale barazani alikuwa na macho ya ng'ombe, kayachukua sokoni kwa wachinjaji. Kila wiki alikuwa akiyashona na kuyashonoa, mkono wake usisahau, maana daktari akija yeye ndiye aliyeshika taa na kumkabidhi vyombo. "Unaogopa?" "Mimi Mdigo, siogopi kitu kinacholiwa." "Kweli. Mdigo haogopi, anapiga kelele mpaka kitu kiogope chenyewe." Nikamtukania Wabondei wote, ukoo baada ya ukoo, akacheka, akachukua wembe. Na tangu alipokata, wallahi, nilinyamaza. Ngozi nyeupe ya nje ngumu kama kiatu. Kwa mbele ngozi hiyo hiyo inageuka kioo, angavu, unapitisha kidole nyuma yake unakiona. Nyuma ya kioo maji kidogo, yakamwagika. Kisha duara la rangi, kama kitambaa kilichokunjwa vizuri, na katikati yake mboni. Mimi maisha yangu nilijua mboni ni kitu, punje nyeusi iliyokaa pale. Elia akapitisha ncha ya kijiti katikati, ikatokea upande wa pili. "Ni tundu," akasema. "Weusi unaouona ni giza la ndani ya chumba." Tundu! Kwamba kila mtu aliyewahi kunitazama alinitazama kwa tundu. Nikakumbuka makofia ya somo, vitambaa vimejaa matundu vinaitwa macho, na mwenyewe anayashona hajui kwamba anashona kweli tupu.

Halafu akabinya kidogo, kikatoka kitu kiganjani mwake: tone, gumu, angavu, kama tone la maji lililokataa kuvunjika. Akakiweka juu ya gazeti la kufungia karanga, na herufi za chini zikanenepa. Mimi kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti yale yale ya karanga, hakuna mwalimu aliyenigusa, na siku ile niliona neno moja linavimba ndani ya jicho la ng'ombe kana kwamba linataka kunisogelea. "Hiki ndicho kilichokuwa cheupe kwa mama yako. Unakijua toka utotoni. Ukila samaki, kwenye jicho, ile punje nyeupe ngumu mnayoitema?" "Eeh?" "Ndiyo hii. Moto umeipika. Kwa mama, miaka ndiyo iliyoipika." Nikakaa chini. Punje ile! Tunaitema, kuku wanaidonoa.

La mwisho ndilo lililonimaliza. Akachukua jicho jingine, zima, akalikwangua kwa nyuma polepole, ule weupe mgumu, mpaka pakabaki utando mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai. Akalielekeza uani, kwenye mwarobaini uliopigwa na jua, akanifunika kichwa kwa shuka pamoja na jicho lile. "Tazama nyuma yake." Nikatazama. Mwarobaini ulikuwamo. Mdogo kama ukucha, rangi zake zote, majani yanatikisika, na umesimama kichwa chini. Nesi mmoja akakatiza uani na ndoo, nikamwona anapita kichwa chini, miguu inakanyaga mbingu, na maji hayamwagiki. Jicho la mnyama aliyechinjwa asubuhi, amekwisha kuliwa nusu, bado linaona. Nikatoka ndani ya shuka jasho linanitoka. "Kwa hiyo mimi nawaona watu wote vichwa chini?" "Jicho linawaona hivyo. Ubongo ndio unaowasimamisha." "Kila mtu?" "Kila mtu." "Hata Gavana?" "Hata Gavana, Zuhura, na wewe umo ndani yake kichwa chini, ndiyo maana hasikii unavyomtukana."

Jioni ile somo alipika changu wa nazi, kwa mazoea ya vidole vyake. Nikaitoa punje kwenye jicho la samaki, nikaiosha, nikamwekea kiganjani. Akaizungusha. Vidole vilivyoshona miaka yote, havikuwa na haraka. Nikamsimulia tangu ngozi mpaka mwarobaini, na nilipofika kwenye nesi na ndoo akauacha mkono wake hewani. "Rudia hapo." Nikarudia. "Kichwa chini?" "Kichwa chini, Somo. Kila kinachoingia." Akafumba kiganja juu ya ile punje. Kisha akasema taratibu, "Subhana Llah. Kwa hiyo jicho lenyewe limesujudu. Tangu nizaliwe limesujudu, mimi sina habari." Ile punje hakuitupa. Niliikuta imefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikaenda kuusukuma kwa Maalim wa msikiti wetu. Maalim alikuwa mtu wa kusema polepole, ukimuuliza saa anaanzia kuumbwa kwa jua. Akaja chumbani kwa somo, akaketi, akapewa kahawa, akaanza: "Katika masahaba alikuwako mmoja mkubwa wa elimu, naye aliharibikiwa na macho, akaambiwa hivyo hivyo, tutakutibu lakini utasali umelala. Akakataa, akafa kipofu." Nikaruka, "Maalim! Umekuja kutusaidia au kutumaliza?" "Mwanamwali huyu," akamwambia somo, "ulimfundisha kila kitu ukasahau kumfundisha koma." Somo akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Alijichagulia nafsi yake, Mungu amridhie," Maalim akaendelea. "Lakini wanazuoni wetu wakasema: tabibu mwaminifu akikwambia, inajuzu. Asiyeweza kusimama akae. Asiyeweza kukaa alale. Asiyeweza kichwa aashirie kwa kope. Asiyeweza kope, moyoni. Sala ina milango mingi, Bibi Mwanahawa, usisimame kwenye mmoja ukasema nyumba imefungwa." Kesho yake nikampelekea Elia habari. Akaifikiria kwa makini, kama anavyofikiria dawa. "Kope asizibane," akasema. "Mwambie Maalim wenu aanzie moyoni."

Basi ikawa mazoezi. Elia alikuja mwenyewe Ngamiani jioni, Mkristo na msalaba wake shingoni, akamlaza somo yangu chali kitandani, akaweka mifuko ya mchanga, akasema, "Haya mama, sali alasiri." Mimi nimekaa miguuni. Uso wa somo haukutikisika, midomo tu ilikuwa inaenda. Majirani walichungulia mlangoni, mmoja akanong'ona, "Kafa?" Nikamjibu, "Anasali, mjinga wewe, ondoka." Na somo, bila kutikisika, katikati ya sala yake, machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni. Alipomaliza akasema ni mara ya kwanza amemsikia Mungu bila kusikia magoti yake.

Daktari akaja na gari moshi, Mzungu mrefu mwenye nyusi nyeupe, hana maneno. Mimi sikuingia. Nilikaa barazani nimeuma kanga. Alichonisimulia somo baadaye ni hiki: alikuwa macho, jicho limekufa ganzi, akasikia mkasi, mlio mdogo kama sindano inapopita kitambaa kigumu, akajua kwamba anashonwa na fundi. Halafu ule weupe ukasogea, kama mtu anavuta pazia, mwanga ukamwagika, na ndani ya mwanga akaona mikono miwili, haijulikani ya nani, inacheza. Kisha wakamfunga. "Mikono, mwari," aliniambia. "Nimeiona mikono. Usiniulize sura." Elia alipotoka nje, shati limemganda mgongoni, nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Kazi ya daktari imekwisha, na ameifanya vizuri ajabu. Sasa kazi yetu." Akasema yetu. Sijasahau.

Wodi ya wanawake ilikuwa na madirisha marefu na harufu ya dawa na ndizi mbivu. Mgonjwa aliruhusiwa ndugu mmoja wa kumwangalia. Nilikuwa namlisha kwa kijiko, namfukuzia nzi, namkataza mgonjwa wa kitanda cha pili asimchekeshe. Siku zikaenda, Elia anakuja, anafungua bandeji kidogo, anatazama kwa tochi, anafunga, anasema, "Inashika." Siku moja jikoni wakaleta wali wa punje ngumu na nyama ya kutafuna. Nikasema mgonjwa wangu hawezi kula hiki, nikaenda kutafuta uji, nikagombana na mpishi, nikaupata. Narudi na bakuli, adhana ya alasiri inamalizikia kule msikitini. Nikafika mlangoni nikaganda.

Somo yangu alikuwa amesimama. Mifuko ya mchanga iko sakafuni. Usingizi ulimpitia, adhana ikamkuta usingizini, na mwili wake, mwili uliofanya vile maisha yake yote, ukanyanyuka wenyewe kabla akili haijafika. Macho yamefungwa bandeji, kajitanda shuka, kaelekea kibla sawasawa, mikono iko kifuani. Anasali. Na mimi, Zuhura wa mdomo, niliyekuwa nasikika kutoka kisimani mpaka sokoni, nikafungua kinywa kupiga kelele, na katika kufungua nikaona: nikipiga kelele atashtuka, atageuka ghafla, jicho litakwenda. Nikinyamaza, atarukuu, kisha ataanguka kusujudu, jicho litakwenda. Kumwendea nimshike, vitanda vimesongamana katikati yetu. Akaanza kurukuu, taratibu, mikono inashuka magotini.

Hapo kikaja kitu alichonifundisha mwenyewe, mwezi ule niliokuwa ndani, mimi na yeye juu ya jamvi. Imamu akikosea katika sala, mwanamume nyuma yake husema Subhana Llah. Mwanamke hasemi. Mwanamke hupiga kofi, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, mara moja, laini, na anayesali hujua kwamba kuna kosa, naye hulirekebisha bila kuivunja sala. Nilimcheka wakati ule: "Mimi niwe na sauti yote hii halafu nipige kofi?" Nikaliweka bakuli chini. Nikapiga kofi. Laini, kama mtu anapangusa unga mikononi.

Mgongo wake ukasita. Nikapiga tena. Akabaki pale, nusu ameinama, na niliona akili inamfikia, naiona inapanda mgongoni kama maji kwenye utambi. Hakushtuka. Hakugeuka. Akainuka pole pole mpaka akanyooka, akapapasa kitanda nyuma yake, akaketi, akajilaza chali, na midomo yake haikusimama hata mara moja. Sala aliimalizia kitandani, moyoni, nami nimekwisha kumfikia nimeshika kichwa chake kwa mikono miwili. Alipotoa salamu akasema, "Nani kapiga?" "Mimi, Somo." "Umepiga vizuri," akasema. "Mkono wa juu umeuweka sawa." Elia akaitwa mbio. Akafungua bandeji, akachungulia, akachungulia tena, mkono wenye tochi ukashuka. "Zimeshika," akasema. "Uzi mmoja umevutika, zimeshika." Akanitazama. "Umefanyaje?" Nikamwonyesha kwa mikono, kofi laini.

Bandeji zilipotolewa kabisa, somo aliona ukungu wa rangi. Jicho lililotolewa kioo chake cha ndani linataka kioo kikubwa cha nje, kwa hiyo tukarudi kwa Bwana Kanji, kama alivyosema. Akamkatia miwani minene kama kitako cha chupa. Nilisimama mbele yake wakati anamvalisha, nimepaka wanja, nimevaa kanga mpya. Akanitazama muda mrefu kupita adabu. Aliniacha mwari mdogo, ananiona mwanamke mzima. "Lo!" akasema. "Kelele zote zile zinatoka kwenye kimdomo hicho?" Bwana Kanji akaangusha kitambaa chake kwa kucheka. Halafu somo akatoka barazani, akatazama juu, akauliza mbingu imefanywa nini, mbona buluu kali hivi, nani kaipaka. Elia alinieleza baadaye kwamba kioo cha ndani, hata kikiwa kizima, huwa na umanjano kidogo unaozidi na miaka. Waliotolewa huiona buluu tusiyoiona sisi. Nikamwonea somo yangu wivu, nakwambia kweli.

Wiki hiyo hiyo akashika sindano. Zamani, hata kabla macho yake hayajafifia, alipima kichwa cha mteja kwa shibiri. Sasa akasema, "Tokeni zenu na shibiri. Nimepewa jicho, napima kwa jicho." Kofia ya kwanza ni ya Elia. Akamtazama kichwa mara moja pale kliniki, akaenda nyumbani, akashona, matundu mazuri, hayakukosea hata moja. Ila miwani ile mizito inakuza kila kitu, cha mkononi kuliko cha mbali. Kikombe cha chai alikuwa anakiona sahani. Kofia aliyoiona inamtosha mtu mzima, mikononi mwetu ilikuwa ya mtoto. Mimi niliiona nikafumba mdomo, nikamnong'oneza Elia mlangoni, "Mwambie imepotea, mwambie chochote." Elia akanisogeza kando. Akainama mbele ya somo yangu, yeye ndiye aliyeinama, na somo akamvalisha. Ikakaa utosini kama kifuniko cha birika. Somo akarudi nyuma hatua, akarekebisha miwani, akatazama. "Imekukaa," akasema. Elia akasema, "Imenikaa, mama." Akafanya kazi nayo siku nzima, wakata mkonge wanamtazama, hakuna aliyethubutu kucheka, maana nilikuwa nimesimama mlangoni nawatazama mmoja mmoja. Baada ya hapo ndipo nilipoomba kazi ya uaya, ya kuhudumia wagonjwa, pale kliniki, na sikuondoka tena.

Nilipofika hapo katika kusimulia, yule kijana wa suti alikuwa kasimama mlangoni na karatasi yake mkononi. "Kwa hiyo hii ya mtoto gani, Bibi?" akauliza mtoto mmoja aliyeingia katikati ya hadithi. Nikaiweka kofia kwenye kiganja cha Agnesi. Sasa mimi mwenyewe nimekwisha kupasuliwa jicho, nimewekewa kioo kipya ndani, niliingia asubuhi nikala mchana nyumbani kwangu Makorora, na matundu yale niliyaona yote, moja moja, hayakukosea. "Ya baba yenu," nikasema. "Na ilimtosha. Aliyeipima alikuwa anaona."